Programu ya kutengenezea muziki: ipi ununue kwanza ukiwa bado unajifunza

Anayeanza kutengeneza biti huulizia maiki, spika na kinanda kabla hajaulizia programu. Programu anaamini atawekewa tu na fundi. Mimi naitanguliza. Maiki ukiiuza mwakani ukanunua nyingine, hakuna ulichojifunza kinachopotea. Programu ukiibadilisha unarudi darasa la kwanza: vitufe vingine, njia nyingine ya kukata sauti, mpangilio mwingine wa wimbo mzima.

Orodha hii nimempangia mwanafunzi. Mwenye studio na wateja wa kila siku ana mahesabu yake. Nimeangalia mambo matatu. Je, karibu nawe yupo mtu anayeijua programu hiyo? Itabebwa na kompyuta uliyonayo, au ile ya mtumba utakayoipata Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi? Unalipa mara moja ukamaliza, au utadaiwa kila mwezi? Hilo la kwanza ndilo zito kuliko yote, na ndilo lililoamua nafasi ya kwanza. Bei nazitaja kwa dola kwa kuwa ndivyo zinavyouzwa. Huwa zinapanda na kushuka, na mara nyingine kodi huongezwa pale unapolipia, kwa hiyo zichukue kama makadirio.

1. FL Studio, toleo la Producer

Inatoka Ubelgiji, kwa kampuni ya Image-Line. Ilianza mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, ikabadili jina mwaka 2003, na wakongwe wengine bado wanaiita Fruity. Nimeipa nafasi ya kwanza kwa sababu ya watu. Uliza mtaani kwenu nani anachapa biti. Kijana utakayeelekezwa kwake kuna uwezekano mkubwa anatumia hii. Maana yake ukikwama saa nne usiku kuna mtu wa kumpigia, na ukimpelekea projekti yako (faili la wimbo unaoutengeneza) kwenye flashi anaifungua, anakuonyesha ulipokosea, unarudi nayo nyumbani.

Sababu ya pili ni namna inavyoanza. Ukiifungua unakutana na Channel Rack: kila chombo na mstari wake, kila mstari na vitufe 16 vilivyopakwa rangi vinne vinne. Bonyeza dramu nzito kwenye kitufe cha 1, 5, 9 na 13, kisha weka makofi kwenye 5 na 13, na tayari kuna kitu kinachezeka. Kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika utatikisa kichwa. Pandisha uvuke 200 umeingia mtaa wa singeli. Hakuna programu nyingine kwenye orodha hii inayompa mgeni mdundo haraka namna hiyo.

Mtego nao uko hapo hapo. Vitufe 16 vinamzoesha mtu kudhani muziki wote unagawanyika kwa nne. Jaribu chakacha, ambayo mwendo wake ni wa sita-nane, yaani mapigo yanayokwenda tatu tatu, na utaona inavyochechemea ukiilazimisha humo. Punguza patani (ule mzunguko wa vitufe) iwe na hatua 12, hesabu tatu tatu, ngoma itakaa sawa. Kisha ingia kwenye Piano Roll, ukurasa wa kupanga noti moja moja, usogeze baadhi ya mapigo mbele au nyuma kidogo tu, kwa sababu mpiga ngoma wa kweli hapigi kama saa ya ukutani. Mwanafunzi akishayajua haya mawili, biti zake zinaacha kufanana na za kila mtu.

Angalia sana toleo. Fruity, la takriban dola 99, linavutia kwa bei lakini halirekodi sauti ya mtu. Ukitaka kuimba au kumrekodi mwenzako utalazimika kuongeza pesa baadaye. Producer lipo chini kidogo ya dola 200 na linarekodi. Yaliyo juu yake yana plagini zaidi, yaani programu ndogo za ala na za kupamba sauti, ambazo kwa mwaka wa kwanza hutazigusa. Kinachonifanya niitetee bei hiyo ni kwamba ukinunua leo, matoleo yote yajayo unayapata bure maisha yako yote. Sikumbuki kampuni nyingine kubwa inayofanya hivyo.

Kabla ya kulipa, pakua toleo la majaribio. Halina kikomo cha siku, na wimbo unaweza kuutoa kama WAV au MP3. Kizuizi ni kimoja: projekti unaweza kuihifadhi, ila hutaweza kuifungua tena mpaka ununue leseni. Wengi wanakasirika. Mimi naona ni mwalimu mkali wa bure, maana unalazimika kuumaliza wimbo kwa kikao kimoja, na ugonjwa mkubwa wa wanaoanza ni kurundika vipande vya baa (vipimo vya mapigo) nane visivyo na mwisho.

2. Reaper

Kama shida yako ni sauti za watu kuliko biti, yaani kwaya, kaswida, taarabu au mahojiano, basi hii ipande namba moja na FL ishuke.

Mwanzilishi wake ni Justin Frankel, yule yule aliyetengeneza Winamp, na inauzwa na kampuni yake ya Cockos. Leseni ni dola 60, kama Sh 150,000 za Tanzania au Ksh 7,800, kwa mtu binafsi na kwa biashara ambayo mapato yake hayazidi dola 20,000 kwa mwaka. Anayezidi hapo analipa dola 225. Leseni moja inabeba matoleo makuu mawili: ukinunua ukiwa kwenye la 7, unaendelea mpaka la 8 liishe. Majaribio ni siku 60 na hakuna kilichofungwa. Faili lake la kupakua ni dogo mno ukilinganisha na wenzake, ambao baadhi yao watamaliza bando lako la wiki, na linakimbia hata kwenye kompyuta ambayo umri wake hutaki kuutaja.

Uzuri wake unauona siku ya kurekodi. Chukua kwaya ya watu 12 na maiki mbili. Sauti ya kwanza wameimba mara tano, na mara ya pili ndiyo iliyokuwa nzuri isipokuwa mstari wa mwisho, ambapo mtu alikohoa. Kuanzia toleo la 7 marudio yote yanajipanga kwenye vichochoro ndani ya traki moja (mstari mmoja wa sauti). Unapitisha kipanya juu ya kile kipande unachokitaka na programu inaviunganisha. Kisha unaongeza ReaEQ kupunguza mngurumo wa feni ya ukumbini, na ReaComp kuwaweka wanaopiga kelele na wanaonong'ona karibu karibu. Zote zimo ndani, hazina malipo ya ziada.

Mbona basi si ya kwanza kwa wote? Kwa sababu haiji na vyombo vya maana. Unaifungua, unakuta ukurasa mtupu wa kijivu, na dramu utajitafutia mwenyewe. Halafu wa kukufundisha mtaani ni wachache. Mwenye nidhamu ya kusoma atafika nayo mbali. Asiye nayo ataiacha ndani ya wiki.

3. Ableton Live, lakini anza na Lite

Hii ni ya Wajerumani wa Berlin, tangu 2001, na inawafaa sana madijei na wanaotaka kupiga biti jukwaani moja kwa moja, kwa sababu vipande vya wimbo unaviwasha na kuvizima kama taa bila muziki kusimama. Toleo kamili la Suite linazidi dola 700, kwa hiyo lisahau. Intro ni kama dola 99 na lina traki 16.

Kabla hujalipa hizo 99, fungua tena boksi la saundikadi (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) au kinanda chako usome vikaratasi. Vifaa vingi, zikiwemo Scarlett za Focusrite, vinakuja na Live Lite ya bure yenye traki 8. Watu huzitupa karatasi hizo pamoja na nailoni. Ukinunua kifaa kilichotumika muulize muuzaji kama ameshakisajili, kwani mara nyingi namba ya kuipatia Lite itakuwa imeshatumika.

4. Logic Pro

Kwa dola 200 hakuna inayokupa vyombo vingi na vizuri kuliko hii. Tatizo ni Mac. Kama unayo tayari, anza na GarageBand, ambayo ni bure na projekti zake zinafunguka ndani ya Logic, kisha tumia siku 90 za majaribio. Kama huna, usishawishike na MacBook Pro za 2012 zinazouzwa bei ya kutupa: mfumo wake unaishia toleo liitwalo Catalina na Logic ya sasa haitaingia. Anza kufikiria zenye chipu ya M1, za kuanzia mwisho wa 2020, na hapo bajeti imeshakuwa nyingine kabisa.

5. Cubase

Programu nzito na ya heshima. Steinberg, waliopo Hamburg chini ya Yamaha, ndio walioleta VST mwaka 1996, mfumo ambao plagini nyingi zinautumia hadi leo. Inunue kama umepata nafasi ya kujifunza kwenye studio inayoitumia. Vinginevyo ipite.

Kama mfukoni hamna kitu

Simu inatosha kuanzia. BandLab ni bure kwenye Android na iPhone, inarekodi, ina dramu, na kazi yako inakaa kwenye akaunti hata simu ikiibiwa. Tumia hedifoni za waya, kwa maana za bluetooth zinachelewesha sauti na utajikuta unaimba nyuma ya biti. Mwenye kompyuta dhaifu ajaribu LMMS, ambayo nayo ni bure na imejengwa kwa mtindo unaokaribiana na FL ya zamani.

Kuhusu kreki (programu iliyovunjwa leseni)

"Nikuwekee na FL kabisa, kaka? Buku tano tu." Kila aliyenunua kompyuta ya mtumba amelisikia hilo. Sitajifanya silijui soko letu. Lakini piga hesabu ya unachokipata: fundi anakuzimia kinga ya virusi ili programu iingie, humjui aliyeitengeneza kreki hiyo, na siku kompyuta ikianza kujizima ovyo unamrudia fundi yule yule. Kutengeneza biti na kuitoa kama WAV unaruhusiwa bure tayari kwenye toleo la majaribio. Hiyo buku tano imekununulia uwezo wa kufungua projekti tena, basi, kwa gharama ya kuhatarisha kila faili ulilonalo.

Chenji iliyobaki

Baada ya programu, pesa iende kwenye hedifoni za waya zinazofunika sikio lote. ATH-M20x ya Audio-Technica ni mahali pazuri pa kuanzia. Sony MDR-7506 ipo tangu 1991 na studio bado zinaiamini, ila feki zake ni nyingi, kwa hiyo bei ikiwa tamu mno ondoka. Halafu kompyuta: RAM ya GB 8 na diski ya SSD hubadilisha laptop ya zamani ya EliteBook au ThinkPad kuliko plagini yoyote. Saundikadi inafuata, kisha kinanda kidogo cha vibonye 25. Spika ziwe za mwisho kabisa. Chumba cha bati na sakafu ya saruji kitazifanya zikudanganye.

Saundikadi ikichelewa kupatikana, usiache kurekodi. FL inakuja na draiva yake ya ASIO, yaani programu inayoharakisha sauti kuingia na kutoka, na kwa Reaper kwenye Windows unaweza kuweka ASIO4ALL, ya bure. Shusha bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuicheza, hadi sampuli 256: kwa sampuli 44,100 kwa sekunde huo ni ucheleweshaji wa chini ya milisekunde 6, mwimbaji hausikii. Ukiiacha kwenye 1,024 unafika milisekunde 23, na atakulalamikia kwamba kuna mtu anamrudia maneno. Ukimaliza kurekodi na kuanza kumiksi, ipandishe tena ili kompyuta ipumue.

Kozi za kulipia nazishusha chini ya vyote hivi. Masomo ya bure ya FL na Reaper yaliyopo YouTube hutayamaliza. Kama una pesa ya kozi, mpelekee prodyuza wa mtaani kwako umlipe kwa saa, umwombe ukae nyuma yake anapomiksi, kisha afungue projekti yako aikosoe. Kabla ya kwenda, fanya zoezi hili: buruta wimbo unaoupenda ndani ya programu, linganisha mwendo wake, weka alama ubeti unapoanza na kiitikio kinapoingia, hesabu baa, kisha ujenge dramu zako chini yake mpaka ukizima ule wa asili usisikie pengo. Mpelekee hiyo. Saa moja ya namna hiyo, mkiwa mnatumia programu moja, inazidi video nyingi sana.

Kulipia

Huhitaji akaunti ya benki. Kadi pepe zinazotolewa kupitia pesa za simu, kama M-Pesa GlobalPay ya Safaricom na Visa kwa walioko Kenya, hukubalika kwenye tovuti nyingi. Acha salio la ziada kidogo kwa ajili ya kodi na tofauti ya kubadilisha fedha, la sivyo muamala utakataa. Lipa kwenye tovuti ya kampuni yenyewe na kwa barua pepe yako, usitumie ya rafiki anayekusaidia, kwa sababu leseni ya FL inafungwa kwenye akaunti hiyo na ndiyo utakayoiingia ukibadilisha kompyuta. Ya Reaper ni faili dogo la leseni wanalokutumia; liweke na nakala nje ya kompyuta siku hiyo hiyo.