Saundibodi ya Discord: sekunde tano hazimtoshi punda

Kundi letu tuko saba, wanne tuko hapa Lamu, wawili Mombasa na mmoja Jeddah kikazi, na kila Alhamisi usiku tukishakula tunaingia Discord, programu ya makundi kuongea kwa sauti mtandaoni, kupiga soga na kucheza gemu mpaka bando liishe. Ile saundibodi yake, yaani vitufe vya kupigia sauti fupi fupi katikati ya maongezi, nilikuwa naiona siku zote nikaipuuza, maana sauti inazokuja nazo ni za bata, honi, nyenje, ukizisikia mara tatu zimekwisha utamu. Kumbe raha yake ni kuweka zako mwenyewe.

Kuweka si kazi. Mwenye seva, yaani ukumbi wa kundi lenu humo Discord, akupe ruhusa, uingie setingi za seva, upandishe faili, ulipe jina na emoji, upime sauti iwe kubwa au ndogo, basi. Klipu isizidi sekunde 5.2 wala isipite KB 512. Uzito haukusumbui, mp3 ya kawaida ya sekunde tano ni kama KB 80 tu, ila simu yangu inarekodi m4a kwa hiyo nazipitisha kwenye VLC, hiyo hiyo ya kutazamia muvi, inazigeuza mp3 bure.

Balaa liko kwenye hizo sekunde. Ya kwanza kurekodi ilikuwa punda, maana mtu wa Lamu ataanza na nini tena? Nikamvizia wa jirani, huyu anayebeba mawe ya kujengea, alfajiri, nimejibanza ukutani na simu kama mwizi. Sasa punda bwana halii tu papo kwa papo kama honi, anaanza kuvuta pumzi, hiii... hiii... kama mlango wa zamani usiotiwa mafuta, ndio afungue koo, halafu anamalizia kwa kukoroma pole pole. Jumla sekunde ishirini na kitu! Nikaweka ule mwanzo, watu wakauliza ni nani ana pumu. Nikaweka katikati, ikawa kelele tu hujui ni mnyama au ni jenereta. Mwisho nikakata pumzi mbili pamoja na mlio wa kwanza wenyewe, na hapo jamaa wa Jeddah alicheka mpaka akazima maiki.

Zilizofuata zilikuwa rahisi: vigelegele vya shangazi zangu (niliomba ruhusa, msirekodi watu harusini kimya kimya jamani), injini ya boti ya Mokowe ikiwashwa, na bibi akiita "ndooni!" kwa Kiamu chake, hiyo tunaipiga mtu akichelewa kuingia.

Ila kuwa makini, ukibonyeza wanasikia wote mliomo kwenye chaneli ya sauti. Kuna kialama kidogo cha spika pembeni, hicho ndicho cha kusikiliza peke yako kwanza. Mimi kosa langu lilikuwa jingine, nilichomoa hedfoni nikasahau, spika imejaa, saa sita usiku, dirisha wazi, nikabonyeza punda. Yule mwenyewe kule uchochoroni akaitikia. Kisha akaitikia wa mtaa wa pili. Asubuhi jirani alinitazama tu, hata salamu ilikuwa nusu.

Na kama mna mtu anayebonyeza hovyo (sisi tunaye) unaweza kumzimia saundibodi yake peke yake ukabaki unamsikia akiongea, au ushushe ya wote kwenye setingi zako. Hicho kitu nimekipenda sana.

Seva isiyo na busti (nyongeza ambayo wanachama huilipia seva) ina nafasi 8 za sauti, mkibusti zinapanda mpaka 48, na ukitaka kutumia sauti zenu kwenye seva nyingine ni mpaka ulipie Nitro, usajili wa malipo wa Discord. Mimi sijalipa na sioni sababu, nane zinatosha na ndizo zinazoleta ugomvi mzuri wa nini kiingie nini kitoke. Sisi tulijaza saba, ya nane tukamwachia jamaa wa Jeddah kwa sababu yuko mbali, akaomba sauti ya mbuzi, anakumbuka jioni za Ramadhani mama yake akikuna nazi. Mwenzetu wa Shela akasema hiyo kazi ndogo, niachieni mimi. Alhamisi iliyopita tumeingia wote, tumenyamaza, akabonyeza.

Meeeee.

"Mbuzi ya nazi, wewe!" akalalamika wa Jeddah. Tumekataa kuifuta.