Glory ya kutafsiriwa: uzoefu wangu, na neno lililofichwa

Nilinunua muvi mbili kwenye kibanda karibu na stendi ya Mtwara mjini, nikawekewa kwenye flashi: Glory ya mwaka 1989, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na Gods and Generals ya 2003 kwa Kiingereza chake. Zote mbili shilingi 1,000. Picha safi, sauti safi, hapo sina neno. Kilichoniumiza ni tafsiri.

Glory inahusu rejimenti ya 54 ya Massachusetts, askari weusi waliopigana upande wa Kaskazini, dhidi ya Kusini iliyotetea utumwa, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani. Mtafsiri ana sauti nzuri, na mapigano anayasimulia mpaka unasogea mbele kwenye mkeka. Lakini tangu mwanzo hadi mwisho neno "mtumwa" hakulitamka. Trip, anayechezwa na Denzel Washington, ni mtumwa aliyetoroka. Kwenye tafsiri amekuwa "kijana aliyekimbia shamba". Kuna sehemu anavuliwa shati achapwe viboko, adhabu ambayo jeshi lenyewe lilikuwa limeshaipiga marufuku mwaka 1861, na mgongo wake unaonekana umejaa makovu ya zamani. Mtafsiri akasema tu amemkosea adabu mkubwa wake. Watoto wa dada wakauliza hayo makovu mengine aliyapata wapi. Ikabidi nisimamishe muvi nieleze.

Tulikuwa Mikindani kwa mjomba, na pwani hii siyo ya kufichana neno hilo. Watu walitolewa huko bara upande wa Ziwa Nyasa wakiwa wamefungwa kongwa shingoni, wakashushwa pwani, wengi zaidi Kilwa Kivinje, wakapakiwa majahazini kwenda Unguja. Sultani Barghash alifunga soko la Unguja mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922. Mpaka leo ukiuliza ukoo fulani ulitokea wapi, wazee hugeuza mazungumzo. Naielewa aibu hiyo, ila sikubali aibebe aliyefungwa.

Nilirudi kibandani, kijana akanibadilishia bila kudai hela, akanipa Glory yenye sauti yake ya asili. Safari hii nikawa nawafasiria mwenyewe.

Ndipo mjomba akaiona sehemu ya mshahara. Askari mzungu alilipwa dola 13 kwa mwezi. Mweusi aliambiwa 10, na humo 3 zikatwe za nguo. Kwenye muvi wanachana karatasi za malipo. Rejimenti yenyewe iliukataa mshahara huo kwa zaidi ya mwaka, mpaka Bunge liliporekebisha sheria Juni 1864. Mjomba akaniomba nirudishe nyuma. Babu yake alikamatwa Nyangao abebe mizigo ya Wajerumani, na alikuwepo kwenye mapigano ya Mahiwa Oktoba 1917, vita ya kwanza ya dunia, askari weusi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walipouana na weusi wenzao waliotoka Nigeria chini ya Waingereza.

"Mpwa wangu," akasema, "babu hakuwahi kutuambia alipigania nini. Alisema ukitua mzigo unapigwa risasi, basi."

Kwa hiyo Trip alipokataa kubeba bendera, akamwambia kanali wake kwamba yeye hapigani vita hii kwa ajili ya kanali huyo, nilimwangalia mjomba, wala sikufasiri.

Muvi ina kasoro yake. Inaonyesha kana kwamba wengi wao walikuwa watoro, kumbe wengi wa rejimenti ile walizaliwa huru Kaskazini, na watoto wawili wa Frederick Douglass, mweusi maarufu aliyepinga utumwa, walikuwemo. Mtu huru, mwenye kazi na familia, anajiunga akijua kwamba akitekwa Kusini anaweza kuuawa au kuuzwa utumwani. Alisukumwa na nini? Hiyo ndiyo hadithi niliyotaka niioneshwe, na imepita hivi hivi.

Gods and Generals, ya vita hivyo hivyo, ni zaidi ya saa tatu na nusu. Majenerali wa Kusini wanasali sana, wanasema wanalinda kwao. Weusi wawili, Martha na Jim Lewis, wanasema wanautaka uhuru, lakini wanapewa dakika chache mno. Jimbo la Mississippi lilipojitenga mwaka 1861 liliandika lenyewe kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa, na mwaka uliofuata sheria ya Kusini ikaruhusu shamba lenye watumwa 20 libakize mzungu mmoja asiende vitani. Wazungu wasio na mtumwa hata mmoja waliandikishwa kwa lazima. Hao ndio niliotaka kuwasikia wakiongea juu ya kulinda kwao.

Glory nunueni, ila yenye sauti ya asili. Hiyo nyingine sitairudia. Flashi imebaki Mikindani, mjomba anataka aione tena sehemu ya mshahara.