Intaneti ya nyumbani Segerea: ruta ya 5G, faiba mbili, na ninayoilipia sasa

Nafundisha Kiswahili kwa njia ya mtandao. Wanafunzi wangu wengi wako Marekani, na muda wao wa mapumziko ndio muda wangu wa kazi: ikiwa ni saa mbili usiku hapa Segerea, New York ni saa sita mchana wakati wa baridi yao. Kwa hiyo intaneti yangu naipima kila siku muda uleule ambao mtaa mzima umesharudi nyumbani, watoto wamewasha katuni na vijana wanaangalia mpira. Spidi ya saa nne asubuhi hainihusu. Unaposoma haya, ujue nahukumu kwa saa hizo za usiku.

Tulihamia huku Machi 2023 tukitokea Sinza. Kule mwenye nyumba alikuwa ameshavuta faiba, yaani intaneti ya waya wa kioo, kwenye jengo zima, sisi kazi yetu ilikuwa kulipia tu, nikadhani Dar nzima iko hivyo. Segerea nikakuta waya unapita barabara kubwa, lakini nyumba yetu iko ndani, ng'ambo ya mtaro. Kila kampuni niliyoipigia ilinijibu kwamba eneo letu bado na kwamba watanitafuta.

Miezi minne tukaishi kwa bando la simu. Somo moja la saa nzima kwa video lilinilia kama GB moja. Nilikuwa na masomo manne kwa siku, siku tano kwa wiki, yaani GB 80 kwa mwezi kabla mtoto hajagusa YouTube. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya picha ya HD inaweza kula hadi GB 3. Kwa mtu anayefanya kazi nyumbani, bando la simu ni la kuvukia dharura, halilei familia.

Kabla sijaendelea: majina ya kampuni utayasikia kila kona. TTCL wana Faiba Mlangoni Kwako, Zuku wapo, Liquid ambao zamani tuliwajua kama Raha wapo, na kampuni za simu, Vodacom, Airtel, Halotel na Yas ambayo hadi Novemba 2024 ilikuwa Tigo, nazo zinauza intaneti za nyumbani. Yaliyonikuta mimi nitayaeleza bila kutaja jina. Kampuni iliyonisumbua mtaa huu, shemeji yangu anaitumia Mbezi Beach na anaisifia kwa moyo wote, na nimekaa kwake wiki nzima nikaona ni kweli. Kampuni ni moja, ila nguzo ni nyingine, fundi ni mwingine na idadi ya wateja kwenye ule waya ni nyingine.

Julai 2023 nikachukua ruta ya 5G, ile inayovuta intaneti kutoka mnara wa simu. Vodacom ndio waliowasha 5G ya kwanza nchini Septemba 2022, wengine wakafuata, na kufikia wakati huo ilikuwa inauzwa kama dawa ya sisi tusiofikiwa na waya. Niliipenda kwa siku tatu. Unaichomeka kwenye umeme, hakuna kutoboa ukuta, hakuna kumsubiri fundi. Nikiiweka dirishani upande wa mnara napata Mbps 48 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha spidi) asubuhi. Nikiiweka sebuleni, kuta mbili za tofali katikati, inashuka hadi 19, kwa sababu masafa ya 5G hayapendi ukuta wala mabati. Usiku ndipo nilipoijua vizuri. Saa mbili ilikuwa inasoma 6, siku nyingine 3, na tatizo kubwa halikuwa hata hiyo spidi. Zoom wanasema mazungumzo ya watu wawili yenye picha safi yanahitaji Mbps 1.2 kupanda (kutuma) na 1.2 kushuka (kupokea). Tatu zingetosha kabisa kama zingetulia. Hazikutulia. Ping, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi kwa milisekunde, ilikuwa inaruka kutoka 30 hadi 400, na mwanafunzi wangu anayejifunza kutofautisha "kaa" na "kataa" akawa anasikia silabi moja inafika na nyingine inabaki njiani. Huwezi kufundisha lugha hivyo. Wawili waliniaga mwezi uleule, kwa adabu zote, na niliwaelewa.

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulinifundisha jambo ambalo hakuna kipeperushi kinachokuambia. Ruta yangu ilikuwa na betri yake, nikadhani nimejipanga. Kumbe umeme ukikatika, kila mtu mtaani anahamia data ya simu, na wote tunagombania mnara uleule. Taa zimezimika, ruta yangu inawaka, na ukurasa haufunguki.

Kingine cha ruta ile: kifurushi kiliandikwa bila kikomo. Mwezi wa pili, siku ya 19, spidi ikaanguka ghafla na haikupanda tena hadi nilipolipia upya. Nilipopiga huduma kwa wateja, dada wa upande wa pili alinielekeza kwenye masharti, na kweli yalikuwepo: ukishavuka kiasi fulani cha GB wanakupunguzia kasi. Tafadhali, neno "bila kikomo" lisomewe masharti kabla ya kutoa hela. Waulize wazi: nikifikisha GB ngapi mnanishusha, na mnanishusha hadi ngapi?

Faiba ilivuka mtaro Februari 2024. Nilipata habari kwa mama wa duka, maana ndiye aliyewaona mafundi na ngazi yao. Nikawafuata palepale kwenye nguzo.

"Kaka, huu waya unafika kwangu? Nyumba ile yenye geti la bluu."

"Unafika, dada. Kutoka hapa hata mita themanini hazifiki."

Siku tatu baadaye nilikuwa na Mbps 20 kwa shilingi 65,000 kwa mwezi, na 50,000 za kufungiwa. Usiku ule wa kwanza nilipima saa mbili, saa tatu na saa nne: 20, 19, 20. Ping 9 na haikuyumba. Nilikaa kwenye kiti nikamaliza masomo mawili bila kusema "samahani, umenisikia?" hata mara moja.

Mume wangu alilalamika kwamba tumeibiwa, kwa sababu akishusha faili kompyuta inamwandikia 2.4 wakati tunalipia 20. Hatujaibiwa. Kampuni zinauza kwa megabiti, kompyuta inahesabu kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Gawanya 20 kwa 8 upate 2.5. Faili la GB moja linachukua kama dakika saba. Ukijua hesabu hii hutagombana na mtu bure.

Umeme ukikatika, faiba ilinishangaza vizuri. Kati ya kituo chao na nyumba yako hakuna kifaa njiani kinachohitaji umeme, ni mwanga tu unapita kwenye kioo na kugawanywa. Kituo kikiwa na jenereta au betri, na wewe ukawa na betri ndogo ya ruta ya volti 12, unaendelea kama kawaida. Ya kwangu niliinunua Kariakoo kwa 60,000 na inakaa saa tatu na nusu.

Haikosi siku mbaya, na moja ilikuwa ya nchi nzima. Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika na Tanzania ikayumba pamoja na majirani. Nilikuwa bado na ile ruta ya 5G kama akiba, nikaiwasha nikijua nimeokoka. Nayo ilikuwa hoi. Kuwa na kampuni mbili nyumbani kunakukinga na waya uliokatika mtaani kwako. Baharini njia za kutokea ni zilezile.

Kilichonifanya niiache faiba ile ya kwanza ni lori la mchanga. Waya ulivukishwa barabara ukiwa chini mno, nilishawaambia mara mbili, na Novemba 2024 lori likapita nao. Kwenye kile kisanduku cha faiba kuna taa imeandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki kabisa, usihangaike kuzima na kuwasha ruta. Nilipiga simu dakika ileile. Wakanipa namba ya tiketi, yaani ya kufuatilia tatizo. Kesho yake nikapiga, tiketi ipo. Keshokutwa, tiketi ipo, fundi yuko njiani. Siku ya nne niliambiwa nizime ruta niiwashe, wakati waya nauona kwa macho yangu umelala kwenye matope. Walikuja siku ya sita. Nilipoteza masomo kumi na moja, na kwenye bili ya mwezi uliofuata hakuna siku hata moja iliyopunguzwa. Niliumia sana, si kwa sababu ya lori, lori lingeweza kukata waya wa yeyote. Niliumia kwa zile siku tano za kuambiwa tiketi ipo.

Januari 2025 nikahamia faiba ya pili. Safari hii sikuuliza spidi kwanza. Nilizunguka nyumba sita zenye waya wao, nikabisha hodi, nikauliza swali moja: mara ya mwisho ilipokatika, walikuja baada ya muda gani? Mzee mmoja, mjumbe wetu wa zamani, nilimwamkia akanikaribisha kivulini, akaniambia, "Mwanangu, hawa fundi wao anakaa Kimanga. Ukimpigia anakuja na pikipiki." Nikasaini kwa sababu ya hiyo pikipiki.

Nalipa 75,000 kwa Mbps 15. Ndiyo, ni ghali zaidi na spidi ni ndogo kuliko ya kwanza, na sijutii hata shilingi. Imeshakatika mara tatu. Ya haraka zaidi walifika ndani ya saa nne, Jumamosi jioni, wakaunga waya kwa tochi. Iliyochelewa ilikuwa siku moja na nusu, mvua za masika, na walinipigia wao kunieleza kabla sijawapigia mimi.

Ndani ya nyumba nako kulinilia muda. Fundi wa kwanza alifunga ruta nyuma ya televisheni, kwenye kona, na chumba cha watoto kikawa hakipati kitu. Niliomba waya urefushwe hadi koridoni, juu ya mlango, ikatosha. Kama ruta yako inaonyesha majina mawili ya Wi-Fi, ile ya 5 GHz (si ile 5G ya simu) ina kasi ukiwa karibu nayo, ile ya 2.4 inapenya kuta vizuri zaidi. Kompyuta ya kufundishia nimeichomeka kwa waya moja kwa moja.

Na hela usimpe fundi mkononi wala kwenye namba yake binafsi. Lipa kwa namba ya malipo ya kampuni, uhifadhi ujumbe. Uliza pia, kabla ya kusaini, kama kile kisanduku ni chako au unakirudisha ukihama, kwa sababu sisi wapangaji tunahama.

Wiki iliyopita jirani wa nyumba ya nyuma aliniuliza achukue ipi. Nilimwambia aje kwangu saa mbili usiku na simu yake. Akaja, akafungua fast.com sebuleni, akabonyeza maelezo zaidi aone na ya kupandisha, akapata 14 kushuka na 14 kupanda, watoto wangu wakiwa wanaangalia katuni. Kesho yake alimpigia fundi wa Kimanga. Kisanduku cha kwenye nguzo yetu kilikuwa kimebaki na nafasi mbili, sasa imebaki moja. Walio ng'ambo hii ya mtaro na wanaitaka wasisubiri mwisho wa mwezi.