Polishi ya fenicha: usiulize kama inang'aa, uliza kama inatoka

Meza yetu ya sebuleni ni ya mninga. Baba aliichongesha Chunya miaka ya 80, nami nimeirithi na makovu yake yote: duara la sufuria ya ugali, mkwaruzo wa pedeli ya baiskeli, kona moja iliyotafunwa na mbwa wa jirani. Mwezi wa tano nikaona imechoka. Nikaipakia kwenye guta, ikaenda Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa fundi wangu apige msasa na kuipaka vanishi upya. Tulikubaliana kazi ya siku tatu.

Siku ya pili akapiga simu. "Mama, acha unachofanya, njoo uone mwenyewe."

Nilimkuta amesimama, mikono kiunoni. Meza ilishapigwa msasa, mninga umerudi na ule wekundu wake. Hakusema kitu. Alichovya brashi kwenye vanishi, akavuta mstari mmoja mrefu mbele yangu. Kwa muda wa kupumua mara mbili hivi mstari ulilala vizuri, unameremeta. Halafu ukaanza kujitenga. Vitundu vya duara, kimoja hapa, vitatu pale, kila kimoja na ukingo wake, vikafunguka mpaka mbao kavu ikaonekana katikati. Kama umewahi kumwaga maji kwenye jani la gimbi, ukayaona yanavyokataa kulilowanisha na kukimbiliana, basi umeiona meza yangu.

"Ulikuwa unaipaka nini?"

Nikamtajia: kopo la kupuliza, lile lenye harufu ya limau, kila Jumamosi kwa miaka mitatu.

"Basi ndiyo hiyo. Ina silikoni. Haya tunaita macho ya samaki. Waulize wapiga rangi wa magari, watakwambia walivyolia nayo."

Mwongozo huu umetokana na siku hiyo. Sitazungumzia harufu, wala mng'ao, wala kopo lipi ni zuri kukaa juu ya kabati. Vyote vinang'aa siku ya kwanza, hata mate yanang'aa. Nimezipanga polishi kwa swali moja ambalo sijawahi kusikia mteja akiuliza dukani: siku nikitaka kuitoa, itatoka?

Tatizo la mafuta ya silikoni, yale ya kiwandani yanayotiwa kwenye polishi ili ing'ae, ni kwamba hayakauki. Yanatambaa. Vanishi ya zamani ina nyufa ambazo macho hayazioni, na mafuta yanashuka humo polepole mpaka kwenye mbao. Wakati fenicha bado ina vanishi yake nzima huoni ubaya wowote, na kwa haki yake silikoni haili vanishi wala haina sumu ya kukuangusha. Ubaya unakuja siku ya ukarabati. Vanishi mpya haiwezi kutandaa juu ya silikoni, inajikunja na kukimbia. Ukidhani msasa utaiondoa, unaisambaza zaidi, na karatasi ileile ukiipeleka kwenye kiti cha mtu mwingine umemwambukiza. Fundi wangu aliitupa msasa yote aliyotumia kwenye meza yangu, kisha akaniongezea kwenye hesabu.

Dawa ipo lakini inachosha. Unaosha mbao kwa tapentaini, kitambaa kipya kila mzunguko, mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha. Halafu unaziba kwa shelaki, ile inayotokana na utomvu wa wadudu wadogo wa India na Thailand, kwa sababu shelaki hushika hata pale vanishi inapokataa. Ndipo unarudi kwenye vanishi.

Utaijuaje kabla ya kununua? Soma nyuma ya kopo, kama pameandikwa chochote. Neno lolote linaloishia na "siloxane", au "dimethicone", rudisha kwenye rafu. Makopo mengi hayataji kilichomo, kwa hiyo fanya jaribio langu. Omba kwa fundi kipande cha mbao kilichopigwa msasa. Paka polishi nusu, nusu iache. Siku ya pili osha chote kwa tapentaini, kiache kikauke, kisha pitisha vanishi juu ya pande zote mbili. Upande wa polishi ukitoa macho, umeokoa meza yako kwa gharama ya kipande cha kuni.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja ni Howard Feed-N-Wax, na sijifichi, naipenda. Inatengenezwa Marekani kwa nta ya nyuki, nta ya kanauba (nta ngumu ya majani ya mti wa Brazil) na mafuta ya maganda ya machungwa. Inakuja kwenye chupa ya mililita 473, majimaji mazito kiasi cha uji wa mgonjwa. Unapaka kwa kitambaa, unaenda kupika chai, baada ya dakika 20 unarudi kufuta iliyobaki. Kipande changu cha jaribio kilioshwa kwa tapentaini mara mbili tu na vanishi ikalala bila jicho hata moja. Nta hutoka, hiyo ndiyo heshima yake. Jina lake, yaani "lisha na upake nta", lina uongo kidogo, maana mbao iliyokwisha kupakwa vanishi hailishwi. Haina mdomo. Unacholinda ni vanishi iliyo juu. Wamarekani wameamua kuiita chakula, wameona jina tamu linauza, na mimi nimenunua hivyohivyo. Yangu ililetwa kutoka Dar kwa 45,000, ikanichukua mwaka na miezi miwili kwa kabati la vyombo na viti sita. Lile kopo la limau lilikuwa 12,000 na nilimaliza moja kila baada ya miezi miwili. Piga hesabu mwenyewe, mimi nilipopiga nilikaa chini.

Ya pili ni Briwax ya Uingereza, nta ngumu ya bati. Ina nta ya nyuki na kanauba pia, na rangi ni nyingi, ukiwa na mkongo au mvule uliokolea utapata inayofanana nao. Ila ile ya asili ina toluini, kiyeyushi kikali kinachoweza kulainisha vanishi ambayo bado mbichi, na kichwa kitakuuma usipofungua madirisha. Ipo aina nyingine isiyo na toluini, uliza hiyo. Na kwa mtu wa Makete au Njombe: mwezi wa saba bati hilo linakuwa gumu kama mshumaa. Usiliweke jikoni karibu na moto kulilainisha, linashika moto. Liweke juani saa nne asubuhi, linatosha.

Ya tatu ni ya kujitengenezea, na watu wa huku hatuna kisingizio, nta ya nyuki tunayo. Kwangua sehemu moja ya nta, mwagia sehemu tatu za tapentaini kwenye chupa ya kioo, halafu ikalishe chupa ndani ya sufuria ya maji ya moto ambayo tayari imeshushwa jikoni. Ishushwe, nimesema. Mvuke wa tapentaini haufanyi mzaha na mkaa. Udhaifu wake ni joto: nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, wakati kanauba inavuka 80, kwa hiyo kikombe cha chai ya moto kitaacha alama kwenye nta tupu. Weka kitambaa chini ya kikombe, mama zetu walivifuma kwa sababu.

Mafuta ya kitani, ambayo madukani wanayaita linsidi, ni kwa mbao tupu isiyo na vanishi. Mabichi yanachukua siku nyingi kukauka, yaliyochemshwa yanawahi. Lakini kitambaa ulichopakia usikikunje ukakitupa kapuni: mafuta hayo yanapokauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Kitandaze nje mpaka kikauke kikakamae.

Mafuta ya kula, hapana. Dada mmoja wa Kihesa, Iringa, aliniandikia kwamba kabati lake la paini linanata na limeota manyoya. Alikuwa analipaka alizeti. Manyoya yalikuwa vumbi. Kwa huku kwetu, kuanzia mwezi wa sita hadi mvua za Novemba, chochote kinachonata ukutani au kabatini kitavaa vumbi mpaka kibadilike rangi, na mafuta ya kula yanachacha juu yake.

Makopo ya kupuliza ya bei ya chini nimeshayasema. Sina ya kuongeza.

Tuje kwenye sofa za ngozi, maana kwenye ujumbe mnaonitumia ndizo zinazoongoza kwa malalamiko. Wengi wenu hamna sofa ya ngozi. Pole, lakini bora usikie kwangu kuliko kwa mwenye duka aliyekuuzia "leza". Pindua mto, tafuta mshono wa ndani au chini ya kiti ambapo fundi amepiga stepo. Ukiona kitambaa kilichofumwa nyuma ya uso unaong'aa, hiyo ni reksini au plastiki nyingine. Ngozi halisi kwa nyuma ina nyuzinyuzi laini kama manyoya ya pichi. Ile inayobanduka maganda kama mgongo ulioungua na jua, hakuna krimu duniani itakayoirudisha, kwa sababu unyevu umeshavunja tabaka lake la plastiki. Na mtu wa Tukuyu, ambako mvua ya mwaka inazidi milimita 2,000, asishangae ya kwake ikibanduka mapema kuliko ya shemeji yake wa Iringa. Usitumie hata shilingi kuipaka dawa. Mpelekee fundi aivalishe kitambaa.

Mwenye ngozi ya kweli, na zipo, nyingi zimeingia kama mtumba, sheria yangu ni ileile ya silikoni, ukiongeza na moja. Ngozi ina asili ya uchachu. Sabuni ya unga na ya mche ni kinyume chake, zinaikausha hadi inapasuka kwenye mikunjo. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha kila wiki, na mara mbili kwa mwaka krimu ya ngozi ya kopo, ipakwe nyembamba kabisa. Ukiizidisha kwenye nyumba yenye unyevu unaualika ukungu. Kiwi ya viatu iache viatuni. Nina picha ya suruali nyeupe ya mgeni wa kipaimara aliyekaa kwenye sofa iliyopigwa kiwi nyeusi. Alikaa vizuri, kuinuka ndiyo ilikuwa shida.

Nikiwa hapohapo niseme la wauzaji, maana limenikaa kooni. Nimekuta polishi ikiuzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, imemiminwa kutoka dumu, haina jina, haina tarehe, haina onyo, na muuzaji anaapa kwamba ni "orijino kutoka Ulaya". Nikamuuliza ina silikoni? Akajibu, "Mama, ina kila kitu." Hilo nililiamini. Duka jingine walinitajia 60,000 kwa chupa ileile ya Howard, wakati dada yangu aliyevaa gauni la kawaida, aliyeingia nusu saa baadaye, alitajiwa 48,000. Kosa langu lilikuwa kuingia na funguo za gari mkononi, gari lenyewe la kuazima. Na hadithi ya dola nimeichoka. Dola ikipanda, bei inapanda kabla muuza duka hajamaliza kunywa chai. Ikishuka unaambiwa "huu mzigo wa zamani, dada". Mzigo wa zamani miaka miwili, hauishi?

Wanaopitia Tunduma kwenda au kutoka kusini mwa Afrika ndio wanaoniokoa. Kama una ndugu dereva wa lori, mwandikie jina la polishi kwenye karatasi, herufi kubwa, amwonyeshe muuzaji. Ukimtajia kwa mdomo atakuletea kopo la limau.

Meza yangu leo inaingia wiki ya saba. Fundi ameshaiosha mara tano na macho yamepungua yakabaki upande wa kona ya mbwa. Shelaki tumeizungusha Mbeya nzima tukaikosa, imepatikana Dar, inakuja na basi la usiku, nimelipia mzigo 5,000. Kwa sasa tunakulia kwenye stuli mbili za paini ambazo, kwa bahati, sikuwahi kuzipulizia kitu.