Duka la ala za kale Dodoma: mali nzuri, maelezo haba

Duka hili dogo, lililo mtaa wa nyuma karibu na Soko la Majengo, huuza vitu vya kale vya kila namna, lakini linalostahili kuzungumziwa ni kabati lake la ala za muziki za Wagogo.

Ilimba kubwa, yaani ala ya ndimi za chuma inayopigwa kwa vidole gumba, iliyo rafu ya juu ndiyo iliyonishikilia kwa muda mrefu. Sanduku lake limechimbwa katika kipande kimoja cha mti, si mbao zilizoungwa kwa gundi, na ndimi zake za chuma, zilizofuliwa kwa nyundo hadi zikawa bapa, zimelainika pale vidole gumba vilipozoea kupita, huku zile zisizopigwa, ambazo kazi yake ni kuitikia mtetemo wa jirani zake, zikiwa na kutu ya miaka mingi. Tundu lake bado limezibwa kwa utando wa buibui, ambao ndio huipa sauti ule mvumo wa kukwaruza. Fundi anayeubandua ili kusafisha ala huwa ameiharibu. Muuzaji aliniruhusu kuipiga bila haraka, jambo ambalo maduka mengi hayakubali.

Muuzaji huyo huyo, hata hivyo, humtaja Hukwe Zawose, msanii wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, karibu kwa kila ala anayoishika, bila karatasi wala picha ya kuthibitisha. Hajui kijiji ala ilikotoka wala aliyeichonga, na stakabadhi yake huandika “pambo” tu. Kwa mkusanyaji hiyo ni kasoro kubwa, na anayekusudia kusafirisha ala nje ya nchi atapata tabu zaidi, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inadhibiti usafirishaji wa vitu vya aina hii.

Mazeze yana walakini. Mengine yamepakwa vanishi, ikafuta weusi ambao viganja vya wapigaji viliuacha kwenye mti, na moja limefukizwa moshi ili lionekane kongwe, ingawa ukichungulia ndani ya kibuyu utaona nyama yake bado ni nyeupe. Nyuzi zote ni za nailoni, lakini hilo silihesabu kuwa kosa, kwani wapigaji wenyewe walishaacha mishipa ya wanyama zamani.

Ilimba ile inauzwa shilingi 450,000, bei ninayoiona ya haki kwa kazi ya mkono ya kiwango hicho. Mazeze ya vanishi hayastahili hata nusu ya bei yaliyobandikwa.