Taa ya ukungu ya nyuma: moja au mbili?

Kanuni ya 48 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu ufungaji wa taa za magari, inaruhusu moja au mbili. Ikiwa ni moja, hukaa upande wa katikati ya barabara. Magari mengi hutoka kiwandani na moja tu.

Kwa gharama, moja inashinda: iko tayari. Ya pili huwa rahisi kama kava la taa za nyuma la upande wa pili lina nafasi ya soketi ya balbu. Fungua uchungulie kwanza. Mara nyingi nafasi hiyo imeshachukuliwa na taa ya rivasi.

Kuonekana ndiko kunakonigusa zaidi. Ukiwa na moja na balbu yake ikaungua, huna tena taa ya ukungu nyuma, na huenda usijue. Mbili zinakuachia akiba, tena anayekufuata anauona upana wa gari. Lakini mbili zinazowaka mfululizo hufanana na breki, na breki halisi hufifia machoni pake. Kanuni inataka zaidi ya milimita 100 kati ya taa ya ukungu na taa ya breki.

Umeme: balbu mbili za wati 21 huvuta takriban ampea 3.5. Kagua fyuzi na waya.

Unaendesha alfajiri kwenye ukungu mzito? Ongeza. Ukungu kwako ni nadra? Beba balbu ya akiba.