Kulinganisha nywele kwa hadubini, maabara za jinai Marekani: naipa nyota 1 kati ya 5

Hii huduma naiandikia kwa uchungu kwa sababu kuna watu wameuawa na serikali huku yenyewe ikiwa sehemu ya ushahidi.

Ilivyo ni hivi, unachukuliwa unywele uliookotwa eneo la tukio, unawekwa pembeni ya unywele wa mshukiwa, mtaalamu anachungulia rangi, unene na kiini cha ndani, halafu anasema zimefanana au hazijafanana, basi, imeisha. Hakuna anayejua kati ya watu elfu moja ni wangapi wana nywele za namna ile, hesabu hiyo haijawahi kuwepo. Kwa kumtoa mtu kwenye orodha inasaidia kidogo, mfano unywele mweusi wa kipilipili hauwezi kuwa wa mtu mwenye nywele nyeupe zilizonyooka, na nyota niliyotoa ni ya hapo tu.

Shida ni walichokuwa wanakisema wataalamu hao kizimbani. Mwaka 2015 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wenyewe walikiri, katika kesi 268 zilizopitiwa ambapo nywele zilitumika kumkandamiza mshtakiwa, 257 zilikuwa na maelezo ya mtaalamu yaliyovuka sayansi. Asilimia 96 jamani! Waliohukumiwa kifo humo walikuwa 35, kesi 33 zikawa na makosa, na 9 kati ya hao walishauawa tayari. Sisemi wote 9 hawakuwa na hatia, ila huwezi tena kuwarudisha mahakamani ukawauliza upya.

Na maabara za majimbo nazo ni hivyohivyo. Claude Jones wa Texas alihukumiwa kwa mauaji ya mwenye duka la pombe yaliyotokea 1989, na kitu pekee kilichomuweka ndani ya lile duka kilikuwa unywele wa kama sentimita mbili na nusu uliookotwa kaunta, ukiacha maneno ya mshirika wake wa uhalifu, na sheria ya Texas hairuhusu kumtia mtu hatiani kwa maneno ya namna hiyo peke yake, lazima kuwe na kitu cha kuyashikilia, sasa kitu chenyewe ndo huo unywele. Kabla hajauawa mawakili wake waliomba upimwe DNA, kipimo kilikuwepo tayari, wakanyimwa, na karatasi aliyopelekewa gavana George W. Bush haikutaja hata hilo ombi. Akachomwa sindano tarehe 7 Desemba 2000. Miaka kumi baadaye, baada ya watu kwenda mahakamani kuudai huo unywele, ukapimwa, na haukuwa wa Jones, DNA iliendana na ya marehemu mwenyewe, mwenye duka!! Hapo nilifunga nilichokuwa nasoma nikakaa kimya muda mrefu.

Mbadala upo, kipimo cha DNA ya mitokondria, yaani ile DNA mtu anayorithi kwa mama yake, kinapima hata unywele usio na mzizi. FBI waliwahi kupima hivyo nywele 80 ambazo hadubini ilisema zimefanana, wakatoa majibu 2002, na 9 zikawa za watu tofauti kabisa.

Kwahiyo kama una ndugu aliyefungwa huko kwa ushahidi wa nywele wa miaka ya nyuma, mwambie wakili aulizie kwanza kama ule unywele bado umehifadhiwa, na aombe kwa maandishi usitupwe, hilo lisisubiri kesho.